Kilo ya Gramu Mia Tisa Sabini na Tatu

Baba yangu aliwahi kumfungia duka shemeji yake kwa sababu ya gramu kumi na mbili. Nalisema hili mapema kwa sababu baadaye watu wengi waliniuliza, Mheshimiwa mbunge akiwemo, kwa nini hatukukaa na mzee tukamwelewesha. Mtu aliyemnyang'anya mjomba wangu mizani wiki ya harusi ya mjomba huyo huyo, kisha akaja harusini amebeba zawadi na kukaa meza ya mbele, haeleweshwi. Unampisha apite, basi.

Mtaani walimwita Ratili. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mkaguzi wa Idara ya Vipimo. Kila Januari alizunguka sokoni na sanduku la mawe ya shaba, akijaribu mizani moja baada ya nyingine. Iliyokuwa sawa aliifunga waya mwembamba, akaubana waya kwa lakiri ya risasi, na koleo lake likaacha alama ya nne kwenye ile risasi. Nne ilikuwa namba yake. Mizani yenye nne haikubishaniwa. Nimeona kwa macho yangu wanawake wawili walioshikana mashati sokoni wakaachana mara mmoja alipoinua mizani na kuonyesha lakiri.

Hiyo ndiyo sifa niliyokulia ndani yake, na sifa hailipi kodi ya nyumba. Nilikuwa na miaka thelathini, shahada ya takwimu, na miaka mitatu ya kuandika barua za kuomba kazi. Nililala kwenye chumba cha cherehani. Mama ni fundi nguo, na wateja wake huja saa moja asubuhi, kwa hiyo kwa miaka mitatu watu walipimwa viuno wamesimama karibu na kichwa changu, wakiniambia nisijali, niendelee tu kulala. Sikutaka utajiri. Nilitaka chumba chenye mlango. Nilikwisha kukiona, mtaa wa pili, na mwenye nyumba alikuwa amekubali kunisubiri.

Kazi ikaja pamoja na kasino.

Bunge letu lilibishana juu ya kasino miaka kumi na mmoja. Mwanzoni kamari ilikuwa dhambi. Ikapanda cheo, ikawa changamoto. Hazina ilipokauka ikawa fursa, na fursa haingoji, ikapitishwa kwa siku mbili. Kilichobaki kilikuwa kujua nani ataisimamia, na hapo kila mtu akaanza kuangalia viatu vyake. Wizara ya Afya ilisema kamari si ugonjwa. Wizara ya Utamaduni ikasema si ngoma. Mambo ya Ndani wakasema wao ndio huwakamata wacheza kamari, hawawezi kuwakamata na kuwalea kwa mkono mmoja. Wizara ya Fedha iliitaka kodi, ila haikutaka jina lake litajwe. Mwisho ofisa mmoja aliyekuwa na njaa akauliza, "Humo ndani kuna vyombo?" Akajibiwa vipo, kuna gurudumu, kuna dadu. "Basi vyombo ni kazi ya Vipimo," akasema, na wote wakapiga makofi wakaenda kula.

Halafu kulikuwa na kifungu cha kumi na tisa. Hiki kilikuwa mtoto wa Mheshimiwa, mbunge wetu. Yeye alikuwa amewaahidi viongozi wa dini kwamba ataipinga sheria, na amemwahidi mwenye kasino kwamba ataiunga mkono. Mtu mwenye ahadi mbili hutafuta mlango wa tatu. Akapiga kura ya ndiyo, lakini kwanza akasimama na kupenyeza kifungu: chombo chochote cha mchezo kisitumike mpaka mkaguzi aridhike kwamba hakimpunji mteja. Bunge likacheka, kifungu kikapita. Hakuna aliyefikiria kwamba mahali fulani katika nchi hii yuko mkaguzi ambaye angesubiri mpaka aridhike.

Mimi niliajiriwa kasino kuwa mchezeshaji, yaani yule anayesimama mezani, anazungusha gurudumu, anakusanya na kulipa. Walinipenda kwa sababu ya hesabu za kichwa. Mama alinibania kizibao cha sare mpaka kikanikaa vizuri. Baba aliposikia, aliandika barua kwa Mkurugenzi wake kumweleza kwamba ana mtoto kwenye kasino, hivyo apangwe mkaguzi mwingine. Mkurugenzi akajibu kwa mstari mmoja kwamba wengine wote wanaumwa.

Akaja siku ya kwanza na sanduku lake la mawe ya shaba. Mwenye kasino, ambaye kila mtu alimwita Mwekezaji, hata mke wake, alimpokea kwa mikono miwili.

"Karibu mzee, karibu sana. Jisikie uko nyumbani."

"Nyumbani nimetoka sasa hivi," baba akasema. "Gurudumu liko wapi?"

Aliweka pima maji juu ya meza, akaamuru mguu mmoja upigwe msasa. Dadu alizitumbukiza kwenye glasi ya maji ya chumvi aone kama zina upande mzito, akazipitisha. Kijipira cha gurudumu alikipima kama mtu anayepima dawa ya mtoto. Halafu akavuta kiti, akafungua daftari la shule, akaniambia, "Zungusha. Tutazungusha mpaka liseme ukweli."

Tulizungusha mara elfu tatu na mia saba. Siku sita. Mimi nazungusha, yeye anaandika. Wenzangu walipita wakinionea huruma, na mimi sikuwa hata na haki ya kuwakemea. Kumi na saba ilitoka mara mia moja na kumi na tisa, tisa ikatoka mara themanini na mbili, na baba akaikazia tisa macho kama mshitakiwa. Nikatumia elimu yangu yote kumweleza.

"Baba, ukirusha sarafu mara mia, hutarajii hamsini kamili."

"Kwa nini nisitarajie?"

Jibu la swali hilo lilichukua siku mbili. Siku ya sita, Jumatano, akafunga daftari, akaupapasa ukingo wa gurudumu kwa kiganja. "Hili halina ubaya na mtu," akasema. Akatoa waya, akatoa lakiri, akashika koleo. Uzinduzi ulikuwa Jumamosi, Waziri mwenyewe mgeni rasmi. Nikaanza kuwaza pazia la chumba changu liwe rangi gani.

"Hivi," baba akauliza, huku waya uko mkononi, "mtu akiotea namba akapata, mnampa nini?"

Ningeweza kusema anapewa zawadi nono, akabana lakiri tukaenda kula. Nimelifikiria hilo mara nyingi. Lakini aliyenilea ni yeye, na nikajibu kwa tarakimu.

"Akiweka moja, anarudishiwa thelathini na sita, ile yake ikiwemo."

"Namba ziko ngapi?"

"Thelathini na saba. Moja mpaka thelathini na sita, halafu sifuri."

"Sifuri ni ya nani?"

"Ya nyumba."

"Nyumba ya nani?"

"Baba, nyumba ndiyo kasino. Ndivyo wanavyosema."

Akageuza daftari nyuma, akagawanya. Akarudia. Akanipa mimi nigawanye. Halafu akaurudisha waya kwenye mfuko, na lakiri, na koleo, kila kimoja mahali pake.

"Thelathini na sita juu ya thelathini na saba," akasema. "Mwanangu, hii ni kilo ya gramu mia tisa sabini na tatu. Muuza sukari nikimkuta na kilo hii nachukua mizani yake."

"Hiyo ndiyo faida yao, baba!"

"Faida inakaa kwenye bei. Haikai kwenye jiwe. Uza sukari kwa bei ya dhahabu, mimi simo. Lakini ukisema kilo, iwe kilo."

Nilimkasirikia. Sitapamba. Tulipofika nyumbani nikayasema yote mbele ya mama: kwamba nchi nzima inapunja na wapunjaji wanalala kwenye vyumba vyao, ila mimi ndiye nilale chini ya cherehani kwa sababu ya gramu ishirini na saba ambazo hata si za sukari. Mama hakuinua macho kwenye pindo alilokuwa anashona.

"Usijichoshe," akasema. "Pete yangu ya ndoa aliipima kabla hajanivisha."

"Ikawaje?"

"Ikapungua nusu gramu. Tukarudi dukani, mimi na gauni langu, wageni wanangoja."

Alhamisi wakubwa walianza kuja. Mkurugenzi alipiga simu mara nne. Mwekezaji alikuja mwenyewe, akaketi kwenye kiti cha wateja wa mama, katikati ya vitambaa. Baba akamwambia dawa ni ndogo tu, aitoe sifuri.

"Niitoe sifuri?" Mwekezaji akashika kichwa. "Mzee, nikiitoa sifuri mimi nakaa pale kufanya nini? Kuwapepea watu?"

Saa kumi akaja Mheshimiwa. Alivua kofia, ishara kwamba mambo ni mazito, maana kichwa chake hakionyeshi mpaka uchaguzi.

"Mzee wangu," akasema, "kile kifungu nilikiandika mimi. Kilikuwa cha kusikika, siyo cha kufuatwa."

"Kimeandikwa mpaka mkaguzi aridhike. Sijaridhika."

"Ridhika basi, mzee."

"Najaribu," baba akasema, na kwa kweli alionekana anajaribu. Hiyo ndiyo shida ya baba yangu. Hana dharau hata kidogo, kwa hiyo huwezi hata kumchukia vizuri.

Mheshimiwa alipoondoka, aliacha pakiti ya biskuti aliyokuwa ametuletea. Nikaichukua, nikaigeuza. Nyuma imeandikwa: uzito halisi, gramu mia mbili. 

"Baba. Mtu akiuza pakiti ya gramu mia tisa sabini na tatu, amekosa?"

"Akiiita kilo, amekosa. Akiandika mia tisa sabini na tatu, hajakosa."

"Basi tuandike."

Aliniangalia. Halafu akainuka, akaingia chumbani, akarudi na kitabu cha kanuni za lebo, amevaa miwani, anafunua kurasa kwa kidole chenye mate. Sijawahi kumwona na furaha kama ile. Tuliandika pamoja kibao cha kuwekwa mlangoni, meza moja, mimi nikitafuta maneno na yeye akitafuta kimo cha herufi, kwa sababu kanuni zinataka herufi isiwe chini ya upana wa kidole. Kilisema: Katika kila elfu moja unayocheza hapa, tarajia nyumba ibaki na ishirini na saba. Ukicheza tena, tarajia ibaki na nyingine. Ukiendelea, nayo inaendelea. Mwekezaji alikisoma akatokwa jasho, lakini Jumamosi ilikuwa kesho kutwa, akakubali.

"Watakisoma?" baba akaniuliza Ijumaa, kabla hajabana lakiri.

"Watu wanajua kusoma, baba," nikamwambia. Nililisema hivyo hivyo, kwa haraka, kizibao cha sare kikiwa begani. Akabana.

Waziri alifika Jumamosi saa tisa alasiri na magari saba. Waziri wetu ana kipaji kimoja, husoma chochote kinachowekwa mbele yake. Alifunua jiwe la uzinduzi akasoma jina lake na cheo chake na tarehe, na kwa kuwa kibao cha baba kilikuwa kando yake na kipaza sauti kilikuwa bado mkononi, akaendelea kukisoma, neno kwa neno, redio ya taifa ikirusha moja kwa moja. Alipofika kwenye "nayo inaendelea" alisita kidogo. Mwekezaji alifumba macho. Halafu Waziri, kwa sababu hakuna mtu wa siasa anayeacha kimya kipite bure, akanyanyua mkono. "Huu ndio uwazi!" akapaza sauti. "Serikali hii haifichi kitu!" Watu wakalipuka kwa makofi.

Nilidhani kile kibao kitawafukuza watu, na siri yangu ni kwamba nilidhani hivyo na bado nilitaka kazi. Ikawa kinyume. Jumatatu, foleni ilipinda kona. Kwenye redio watu walipiga simu wakisema hawajawahi kuona taasisi inayokuambia kabla kwamba itakula kiasi gani. Mwalimu wangu wa hesabu wa shule ya msingi, mstaafu sasa, alisimama mbele ya kibao akapiga hesabu kwa sauti. "Ishirini na saba kwa elfu, na kiti cha ngozi, na kiyoyozi," akasema. "Ofisi ya ardhi walinila zaidi, na nilisimama." Mtu mmoja alimwuliza diwani hadharani kwa nini halmashauri haina kibao kama kile, kieleze katika kila elfu ya kodi ni ngapi inarudi. Diwani akasema swali zuri, akaondoka. Mheshimiwa alienda kila kituo cha redio kueleza kwamba kifungu cha kumi na tisa alikitunga yeye, kwa uchungu wa wananchi.

Na baba? Baba alikuwa shujaa. Alipopita mtaani watu walisimama. "Ratili ameipima!" walisema, na yeye aliitikia kwa kichwa, akitembea wima kuliko kawaida, mzee wa watu. Mimi nilimpelekea mwenye nyumba kodi ya mwezi wa kwanza. Chumba kilikuwa na mlango na komeo. Siku ya kwanza nililala mpaka saa tatu, hakuna aliyepimwa kiuno.

Wiki ya tatu alikuja Mama Mkaa.

Huyu ni mwanamke anayeuza mkaa pembeni ya soko tangu sijazaliwa. Ni mtu wa baba, kama sokoni kila mmoja alivyo na mtu wake wa kuaminiana. Kila Januari mizani yake ndiyo huwa ya kwanza kukaguliwa, na kila Januari humwambia baba kwamba bila lakiri ile wateja wangemla mzima. Alikuja saa nne asubuhi amevaa gauni la kutokea, mikono ameisugua mpaka imepauka lakini weusi umebaki kwenye kucha. Alipita mbele ya kibao bila hata kugeuza shingo. Akaja mezani kwangu, akanisalimu kama mtoto wa nyumbani, halafu akainama na kutafuta kitu ukingoni mwa gurudumu kwa vidole. Akakipata. Akakisugua kwa kidole gumba, taratibu, akiisikiliza ile nne.

"Ni yenyewe," akasema. "Basi zungusha, mwanangu."

"Mama, umesoma pale mlangoni?"

"Nisome nini? Mimi na kusoma wapi na wapi? Baba yako ameifunga. Zungusha."

Mchezeshaji haruhusiwi kumkataza mteja. Msimamizi alikuwa nyuma yangu. Nikazungusha. Alipoteza, nikazungusha. Alishinda mara moja, akapiga kigelegele kifupi na kuziba mdomo, kisha akairudisha yote mezani. Kwa dakika arobaini nilimkusanyia kila alichokuja nacho, na alichokuja nacho kilikuwa cha kuagizia mkaa wa mwezi mzima, aliniambia mwenyewe, akicheka. Kilipokwisha alikunja leso yake tupu akaiweka kifuani.

Ningefurahi kama angenitukana. Badala yake alinipigapiga mkono. "Usisikitike," akaniambia. "Chombo hakina kosa. Ni nyota yangu tu."

Nilikwenda moja kwa moja kwa wazazi, na sare yangu mwilini. Baba alikuwa anafuta mawe yake ya shaba kwa kitambaa cha mama. Nikamwambia kila kitu, wima, bila kukaa. Hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza.

"Kibao alikisoma?"

"Hajui kusoma, baba. Miaka yote hiyo unamjua, hujui hajui kusoma?"

"Sasa alisoma nini?"

"Alishika lakiri."

Akaliweka jiwe chini. Nilimwona anaelewa, na sitaki kumwona tena mtu mzima akielewa kitu kama kile. Miaka thelathini na mmoja alidhani watu sokoni wanasoma mshale wa mizani. Hawakuwahi kuusoma. Walikuwa wanamwangalia yeye. Na mimi niliyesema watu wanajua kusoma nilikuwa nimesimama pale na kizibao kilichonikaa vizuri.

Akarudisha mawe kwenye sanduku, moja moja, nami nikaondoka.

Asubuhi yake, saa nne na nusu, alikuja kasino na sare ya kaki ya Idara, ile iliyopigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Meza yangu ilikuwa imejaa. Watu walimpigia makofi, wengine wakainuka wamwachie kiti. Hakukaa. Alitoa koleo, halafu akatoa fomu ya kuondolea lakiri, akaiweka juu ya kitambaa cha kijani, kati ya tokeni za watu.

Mwekezaji alitoka ofisini mbio. "Mzee! Kuna nini tena?"

"Sijaridhika," baba akasema.

"Ulisharidhika! Uliweka sahihi!"

"Nilikosea. Mkaguzi akikosea anaondoa lakiri. Lakini sheria haimruhusu aiondoe peke yake, lazima mwenye chombo atie sahihi kwamba ameshuhudia. Tia sahihi hapa."

"Sitii!"

"Basi aliyekitumia chombo," baba akasema. "Fomu inasema au mtumiaji."

Ukumbi mzima ukanigeukia. Yeye peke yake hakuniangalia. Aliligeuzia uso dirisha lenye pazia zito, mikono nyuma, kama anavyofanya sokoni mfanyabiashara anapofikiria, maana anaamini mtu anayetia sahihi asitazamwe.

Mwekezaji alikuwa ameshampata Waziri kwenye simu, na kwa hasira akaiweka sauti nje ili sote tusikie. Waziri alisema pasiwe na hofu. Kifungu cha kumi na tisa kitafutwa Jumanne asubuhi kwa hati ya dharura, Mheshimiwa mwenyewe ndiye atakayetoa hoja, na mzee Ratili likizo yake ya kustaafu itaanza leo hii, kwa heshima zote. Jumatano gurudumu litazunguka.

"Umesikia?" Mwekezaji akaniambia, karibu kwa upole. "Siku nne, binti. Kwa siku nne unataka kupoteza kazi? Lakiri au hakuna lakiri, Jumatano tunafungua. Hiyo sahihi yako haibadilishi kitu."

Nilijua anasema kweli. Nilijua pia kwamba nikitia sahihi, mlango wangu umekwenda, na kesho yake kutakuwa na mtu anapimwa kiuno juu ya kichwa changu, pengine mpaka niwe na mvi. Lakini Jumatano Mama Mkaa angerudi na mkopo wa jirani kujaribu nyota yake. Angeinama. Angepapasa ule ukingo mzima, mzunguko mmoja, wa pili, asikute kitu, na Mama Mkaa hajawahi katika maisha yake kuweka kitu juu ya chombo kisicho na nne.

Nikachukua kalamu. Nikatia sahihi.

Mwekezaji alinivua kitambulisho shingoni palepale, mbele ya watu, na sikumlaumu. Baba akageuka kutoka dirishani. Akaichukua fomu, akavaa miwani, akaikagua mstari kwa mstari kama anavyoikagua ya mfanyabiashara yeyote.  Halafu akairudisha mezani mbele yangu.

"Hujaweka tarehe," akasema.

Nikaweka tarehe.